Lita Mbili Kila Safari

Juu ya meza ninayoandikia kipo kipande cha mpira mweusi, urefu wake kama shubiri moja, unene wake kama kidole gumba. Nakitumia kuzuia karatasi zisipeperushwe na upepo wa dirishani. Wageni wengi hukiona na kunyamaza, wakidhani ni mambo ya uzee. Wajukuu ndio huuliza. Nikikikunja mbele yao, upande wa chini hufunguka ufa mdogo, mwembamba kama alama ya ukucha. Nikikiachia, ufa hujifunga, usiweze kujua kwamba upo. Kwa ajili ya ufa huo nilimfukuza kazi mtu asiye na kosa. Ndugu msomaji, niruhusu nikueleze ilivyokuwa, maana kwa miaka mingi niliwasomea watoto wa watu makosa yao mbele ya wenzao, na si haki nife sijasoma langu.

Nilistaafu mwaka 2009, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku milimani Lushoto. Kazi niliianza mwaka 1972 nilipotoka Chuo cha Ualimu Mpwapwa, kwa hiyo chaki niliishika kwa miaka 37. Sehemu ya kiinua mgongo niliezekea nyumba, na sehemu nyingine nikanunua pikapu ya petroli ya Kijapani iliyotengenezwa mwaka 1984. Halikuwa gari la kujivunia. Rangi ilikuwa imepauka na kiti cha dereva kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa gunia, lakini bodi ilikuwa nzima na injini iliwaka mara moja tu ukizungusha ufunguo. Kazi yake ilikuwa kuteremsha kabichi, karoti na pilipili hoho hadi Mombo, kwenye barabara kuu, ambako wanunuzi wa Tanga na Dar es Salaam huzipokea.

Anayeijua njia hiyo hahitaji maelezo. Asiyeijua na afikirie barabara nyembamba ya lami iliyong'ang'ania ubavu wa mlima, kona juu ya kona, jabali upande mmoja na bonde upande wa pili, ikiteremka kutoka kwenye baridi ya Lushoto, kupita Soni, hadi kwenye joto la Mombo. Kutoka nyumbani kwangu, kwenda na kurudi, ilikuwa kilomita 70.

Mimi leseni ninayo, lakini kwa njia ile sikujiamini. Nikamwajiri kijana aliyekuwa mwanafunzi wangu. Alimaliza darasa la saba mwaka 1996, hakuchaguliwa kwenda sekondari, akaingia kwenye malori akiwa utingo, na hatimaye akashika usukani. Jina lake silitaji. Limekwisha kutajwa vibaya vya kutosha kwa sababu yangu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kila asubuhi aliniamkia kama zamani shuleni, amesimama wima, mikono nyuma.

Walimu wakuu wana ugonjwa wao, nao ni ugonjwa wa daftari. Shule niliiacha, lakini daftari halikuniacha. Nilifungua daftari kubwa la gari na kulichorea mistari: tarehe, mzigo, kilomita, lita za petroli, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka. Kwa miezi ya mwanzo safu ya petroli ilikuwa na namba ileile kila safari, lita 8. Nilikuwa nikiitazama safu hiyo kwa furaha, kama mtu anavyotazama mahudhurio ya darasa ambalo hakuna mtoro.

Taabu ilianza mwezi wa Machi 2010. Gari likiwa limesimama na mguu haupo kwenye eksileta, injini hubaki ikinguruma polepole, mizunguko 700 au 800 hivi kwa dakika. Mafundi wetu huuita mngurumo huo sailensa, na kwa kweli jina linaufaa, kwa sababu injini yenye afya katika hali hiyo karibu inyamaze kabisa. Yetu ilianza kupandisha na kushusha. Inanguruma, inafifia kama inayotaka kukata roho, inashtuka, inanguruma tena. Mara nyingine inazima kabisa. Ajabu yake ni kwamba barabarani, likiwa katika mwendo, gari lilikuwa halina neno. Na asubuhi likiwa la baridi lilitulia vizuri. Taabu ilikuja baada ya dakika kumi au kumi na tano, injini ikisha kupata moto.

Fundi wa kwanza alisafisha plagi na pointi za distributa, kisha akachukua bisibisi na kukaza skrubu ya sailensa nusu mzunguko. Injini ikanguruma kwa nguvu zaidi, ikaacha kuzima. Nikalipa, nikashukuru. Baada ya wiki moja ugonjwa ukarudi. Fundi wa pili alisema ni milima. Kwamba hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya Mombo, na kabureta haijui iamini ipi. Kwamba hewa ya juu ni nyepesi ni kweli, lakini milima hiyo ilikuwepo tangu siku niliponunua gari na haikuwa imelisumbua. Akafungua kabureta, akaiosha, akabadilisha kichujio cha hewa, akabadilisha na plagi, akaongeza petroli kwenye mchanganyiko, na skrubu ya sailensa akaikaza tena. Nafuu ilidumu siku nne. Fundi wa tatu hakufungua kitu. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema injini imechoka, inataka ovaholi. Bei aliyonitajia ilikuwa karibu nusu ya bei niliyonunulia gari zima.

Huku nyuma, katika daftari langu, safu ya petroli ilikuwa imeharibika. Ilitoka lita 8, ikawa 9, kisha ikasimama kwenye 10. Kilomita zilikuwa zilezile 70 na mzigo ni uleule. Lita 2 kila safari, safari tatu kwa wiki, ni lita 6 kwa wiki. Niliipigia hesabu hiyo mstari kwa wino mwekundu.

Lazima nikukumbushe ulikuwa mwaka gani. Mwaka 2010 neno lililokuwa mdomoni mwa kila Mtanzania lilikuwa kuchakachua. Watu walikuwa wakichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi, na petroli au dizeli iliyokuwa ghali, hata serikali ikaanza kutia vinasaba katika mafuta ili yatambulike. Magazetini, redioni na kwenye vijiwe habari ilikuwa hiyo. Basi akili yangu ikafanya kazi upesi, tena upesi mno. Lita 2 zinapungua. Gari linahangaika. Jawabu: kijana anachota petroli lita 2, anauza, na mahali pake anajazia mafuta ya taa. Nililiona jawabu hilo zuri sana, kwa sababu lilieleza mambo mawili kwa mpigo mmoja. Na chini ya kiti cha dereva nilikwisha kuona kidumu cha lita 2.

Nilimwita jioni, barazani, majirani wakiwapo. Sikuona haya kuwapo kwao. Niseme kweli, nilitaka wawepo. Ndivyo nilivyozoea katika mstari wa asubuhi shuleni.

"Petroli inakwenda wapi?" nilimwuliza.

"Gari ndilo linaila, Mwalimu."

"Mwaka jana lilikuwa halili?"

"Mwaka jana sailensa ilikuwa haijapandishwa, Mwalimu. Na siku hizi nisipovuta choki kidogo linazima. Halafu na breki imekuwa ngumu."

"Sikukuuliza breki," nikasema.

Akanyamaza. Nikamwonyesha daftari, namba moja baada ya nyingine. Nikamwuliza habari ya kidumu, akasema ni cha maji ya rejeta. Kidumu kilikuwa pale pale ndani ya gari, hatua kumi kutoka nilipokaa. Sikwenda kukifungua hata kunusa. Nilimwambia aache ufunguo. Akauweka juu ya meza, taratibu, akasema, "Sawa, Mwalimu. Nashukuru kwa kazi." Akaondoka.

Usiku ule mke wangu aliniuliza, "Una hakika?" Nikamjibu kwamba daftari halidanganyi. Jibu hilo lilikuwa kweli, na hapo ndipo ulipo ubaya wake.

Kijijini neno halihitaji miguu. Baada ya wiki moja hapakuwa na mtu mwenye gari ambaye angemkabidhi usukani. Nilisikia ameteremka Mombo, amerudia utingo, kazi aliyoianza akiwa na miaka kumi na sita.

Nikaanza kuendesha mwenyewe. Safari ya kwanza nilikwenda na kurudi salama, na petroli ikawa lita 10. Nilijiambia kwamba tangi bado lina mafuta yaliyochakachuliwa. Safari ya pili, nikiteremka na kabichi, nimekwisha kupita Soni, nilifika kwenye kona kali. Nikakanyaga klachi ili nirudishe gia, na injini ikazima. Nikakanyaga breki, ikashika. Nikaachia, nikakanyaga tena, ikawa ngumu. Mara ya tatu ilikuwa kama nakanyaga jiwe. Gari lilikuwa likienda kwa uzito wa kabichi, na mbele yangu nilikuwa naona vilele vya miti iliyoota chini kabisa bondeni. Nikaachia klachi gia ikiwa ndani, nikavuta handibreki kwa mikono miwili, nikalielekeza gari kwenye ukingo wa jabali. Likakwaruza, likasimama. Mikono ilikuwa ikitetemeka hata nikashindwa kufungua mlango.

Nikiwa nimekaa pale, kabichi zikianguka nyuma moja moja, nilisikia sauti yangu mwenyewe: "Sikukuuliza breki."

Nilivutwa hadi nyumbani na lori la jirani. Kwa siku mbili sikuligusa gari. Siku ya tatu nilitoa kiti nje, nikafungua boneti, nikafungua na daftari kwenye ukurasa mpya. Mkufunzi wetu wa sayansi kule Mpwapwa alikuwa na kanuni moja ambayo nami niliwafundisha watoto miaka yote: katika jaribio, badilisha kitu kimoja, tazama, andika, ndipo ubadilishe kingine. Mafundi wangu walibadilisha vitu vitano kwa mara moja, nami niliyeijua kanuni nilisimama kando nikihesabu fedha. Nikachora safu mbili. Juu ya ya kwanza nikaandika, "Linatulia lini?" Juu ya ya pili, "Linahangaika lini?"

Katika safu ya kwanza niliandika: asubuhi likiwa baridi; likiwa katika mwendo; choki ikivutwa. Katika ya pili: likiwa na moto, likiwa kwenye sailensa, breki ikikanyagwa. Hili la mwisho nililigundua asubuhi ile ile. Kila nilipokanyaga breki gari likiwa limesimama, injini ilififia zaidi. Mambo mawili kati ya hayo sita, choki na breki, alikwisha kuniambia yule kijana barazani.

Sasa nieleze kidogo, kwa wasio mafundi. Injini ya petroli haiunguzi petroli peke yake. Huunguza mchanganyiko wa hewa na petroli, na kipimo kinachofaa ni kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Kabureta ndiyo mpimaji. Hewa yote yapasa kupita mlangoni kwake, ili kila hewa inayoingia ipewe petroli yake. Choki ni kigae kinachoziba mlango huo kwa kiasi, hewa ikapungua na petroli ikazidi. Basi, ikiwa gari linapona kwa kuvutwa choki, maana yake lilikuwa na hewa nyingi kupita kiasi. Ndiyo sababu asubuhi lilitulia: wakati ule choki huwa imevutwa kwa ajili ya baridi. Lingekuwa limetiwa mafuta ya taa, asubuhi ndipo lingesumbua zaidi, kwa sababu mafuta ya taa ni mazito kugeuka mvuke kwenye injini ya baridi. Hoja hiyo peke yake ilitosha kumtoa kijana lawamani, na ilikuwa mbele yangu siku zote.

Hewa hiyo ya ziada ilikuwa inaingilia wapi? Mlangoni kwa kabureta haikuwezekana, kwa kuwa pamesafishwa na kupimwa. Ilibidi iwe inaingia kwa mlango wa uani, pasipo mtu wa kuipima. Gari likiwa katika mwendo, injini huvuta hewa nyingi sana, na kidogo kinachoingia kwa uani hakionekani. Kwenye sailensa injini huvuta hewa kidogo, na hapo kile kidogo cha wizi kinakuwa sehemu kubwa.

Mjukuu wangu wa kike alikuwa nyumbani kwa likizo, kidato cha pili. Alikuwa amekaa juu ya ndoo akinitazama ninavyohangaika na karatasi. Akasema, "Babu, kama ni hewa, kwa nini tusibane mipira mmoja mmoja tusikie?" Nikampa koleo, akazungushia kitambaa meno yake. Injini ikiwa moto na inapanda na kushuka, akabana mpira wa kwanza, mwembamba. Hapakuwa na mabadiliko, nikaandika. Wa pili, vilevile. Wa tatu ulikuwa mnene, unatoka kwenye injini na kwenda nyuma, upande wa dereva. Alipoubana karibu na injini, mngurumo ulinyooka. Ukapanda, ukakaa juu pasipo kuyumba hata kidogo. Akaachia, ukaanza kuhangaika. Akabana, ukatulia. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyeshika mwizi.

Mpira ule ndio unaokwenda kwenye busta ya breki. Injini inapovuta hewa kwa ndani huacha ombwe, na ombwe hilo, kwa kupitia mpira huo, ndilo linaloongeza nguvu za mguu wa dereva anapokanyaga breki. Tuliufungua. Upande wa chini, karibu na klipu, palikuwa na ufa huu ninaowaonyesha wajukuu. Mpira ukiwa baridi ulikuwa mgumu na ufa umefumba. Ukipata moto ulilegea, ukalemewa na uzito wake, ufa ukafunguka. Umri wa mpira ule ulikuwa miaka 26. Hakuna aliyeuharibu, ulizeeka tu, kama mimi.

Nami sasa nikayaona yote kwa mstari mmoja ulionyooka. Ufa uliingiza hewa, injini ikahangaika. Fundi akapandisha sailensa kuficha mahangaiko, na injini inayonguruma juu hula petroli zaidi. Fundi wa pili akaongeza petroli kwenye mchanganyiko. Kijana akavuta choki ili asikwamie njiani, na choki nayo hula petroli. Hizo ndizo lita zangu 2. Wala hazikuwa zimeibwa na mtu. Tulikuwa tukizichoma sisi wenyewe, kila mmoja kwa nafasi yake, ili tusiusikie ufa. Na ufa uleule uliokuwa ukisumbua sailensa ulikuwa ukinyima breki nguvu zake, kwenye njia ya Soni, chini ya mguu wa kijana niliyemwambia kwamba sikumwuliza breki. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa nimejenga ukuta kwa miezi mitatu nisijue ufa uko wapi.

Mpira mpya ulikuwa rahisi kuliko seti ya plagi. Tulipoufunga, injini ilipiga kelele kama inayotaka kuruka, kwa sababu zile skrubu zote zilikuwa zimekazwa kwa ajili ya ugonjwa ambao haupo tena. Nikazirudisha taratibu, moja moja, nikiandika, hadi mngurumo ukawa ule wa mwaka 2009. Safari iliyofuata petroli ilikuwa lita 8. Iliyofuata, 8. Niliandika safari sita. Nilijidanganya kwamba nahakikisha, kumbe nilikuwa naogopa kwenda Mombo. Mke wangu alilitazama daftari, akaona 8 sita zimejipanga, akasema, "Si ulisema halidanganyi?"

Nilimkuta stendi, juu ya kichwa cha basi, anafunga magunia. Aliponiona aliteremka, akasimama, mikono nyuma. "Shikamoo, Mwalimu." Sikuwahi kuona marahaba nzito kama ile. Sikuwa nimeandaa hotuba. Nilimpa kipande cha mpira. Akakigeuza, akakikunja, ufa ukafunguka. Alikitazama kwa muda.

"Wa busta," akasema.

"Wa busta."

"Mimi nilisema breki, Mwalimu."

"Ulisema. Sikukusikiliza. Nimekuja kukuomba radhi."

Abiria walikuwa wakitutazama. Nilimweleza yote, habari ya choki na skrubu na lita 8. Nikamwomba arudi kazini, na mshahara wa miezi aliyokaa nje nikawa nimeubeba. Fedha aliipokea kwa mikono miwili. Kazi aliikataa.

"Nimekusamehe, Mwalimu. Lakini nikirudi, siku gari litakapokula mafuta tena, utanitazama."

Sikuwa na la kujibu. Nikamwuliza nimfanyie nini basi. Akafikiri, akasema jambo moja tu: kama nilivyolisema lile mbele za watu, na hili nikaliseme mbele za watu.

Nililisema. Kwenye mkutano wa kijiji, katika mengineyo, niliomba nafasi, nikasimama na mpira mkono mmoja na daftari mkono wa pili. Wako waliocheka. Mzee mmoja alininong'oneza baadaye kwamba mtu wa heshima yangu angelimaliza jambo hili kimyakimya. Lakini tuhuma sikuitoa kimyakimya.

Katika shule yangu, ukutani, niliandikisha kwa rangi ya bluu: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Watoto waliikariri methali hiyo kwa miaka mingi. Ni methali ya kweli, nami siifuti. Ila kwenye ile kona ya Soni mguu uliokaribia kuvunjika ulikuwa wa mkuu, na neno lililopuuzwa lilikuwa la mdogo.

Tangu hapo, nikikosa usingizi, huwarudia wanafunzi wangu. Namkumbuka hasa mmoja, miaka ya themanini, aliyetulia vizuri saa mbili asubuhi, na ikifika saa nne akaanza kuhangaika, kuchokoza wenzake, kusinzia, kushtuka. Kwenye ripoti yake niliandika "mtukutu," na viboko nilimpa. Sikumwuliza asubuhi alikula nini, wala alikuwa akitembea umbali gani. Nilikaza skrubu tu, naye akanyamaza kwa siku chache, nikaona nimefaulu. Kwa huyo sina kipande cha mpira cha kumpelekea, wala sijui stendi ya kumkuta.

Pikapu niliiuza mwaka 2016, ikiwa bado inatulia kwenye sailensa. Yule kijana, ambaye sasa si kijana tena, anaendesha lori lake la mkopo, na hupita hapa kwetu kuchukua mboga. Huegesha karibu na mlango wangu na kuniamkia. Huwa anaacha injini ikinguruma kidogo kabla ya kuizima, tukaisikiliza wote wawili bila kusema neno. Mikono siku hizi haiweki nyuma.